“Sitaki kuteseka” ni kauli isiyotosha

Ndugu Mhariri,

Magazeti mengi yana ukurasa wa malezi ya watoto, na ni jambo jema. Mama mwenye mtoto wa kwanza ameshasoma mahali fulani namna ya kumcheulisha, kumwogesha na kumpima homa. Mtu wa miaka 50 anayemuuguza mama yake wa miaka 82 hajasoma popote. Anauingia uuguzi huo mikono mitupu, tena kwa hofu, na anajifunza kwa kukosea juu ya mwili wa mtu anayempenda. Tunaomba nafasi tulizungumze hili kwa urefu.

Kazi yetu ni tiba shufaa, yaani kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hauponi. Wengi ni wazee, na wengi wa wazee hao wana dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kauli tunayoisikia mara nyingi kutoka kwao ni hii: “Sitaki kuteseka, wala sitaki kuwa mzigo.” Jamaa huitikia kwa kichwa, mazungumzo yakaishia hapo, na kila mmoja akaamini kwamba jambo limeshasemwa. Halijasemwa. Usiku ule mzee anapopandwa na homa na hamtambui mtu, hakuna awezaye kuigeuza kauli hiyo kuwa uamuzi. Mtoto mmoja anaona kuteseka ni kukimbizwa hospitali, mwingine anaona ni kuachwa nyumbani, na wote wawili wanashika maneno yaleyale ya mzazi wao. Tunaandika kuomba watu waulizane mapema, na waulizane mambo mahususi.

Kwanza lakini tuliondoe kosa moja, la kudhani kwamba kila mzee anayechanganyikiwa “ni uzee tu”. Dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyezungumza vizuri Jumatatu, kisha Jumatano hajui yuko wapi, huyo amepatwa na kuchanganyikiwa kwa ghafla, na hiyo ni dharura ya kitabibu. Chanzo mara nyingi kiko mwilini, mbali na ubongo: maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, choo kilichokwama kwa siku nyingi, kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, sukari au chumvi ya damu iliyoshuka, maumivu, au dawa mpya. Msisubiri homa, kwa sababu mwili wa mzee unaweza kuwa na maambukizi makubwa bila kupanda joto. Dawa zitazamwe mapema kabisa. Klofeniramini ya mafua na mzio, amitriptilini ya sonona na dayazepamu ya kutuliza ni dawa za kawaida kwa kijana, lakini humvuruga mzee akili. Mpelekeeni daktari kila kidonge kilichomo nyumbani, hata cha kuazima, na mwelezeni huyo daktari ni maji kiasi gani mgonjwa alikunywa, alikojoa lini na alipata choo lini.

Aina ya kuchanganyikiwa huku inayopitwa zaidi na macho ya watu ni ile ya kimya. Mzee anayepiga kelele hupata msaada. Anayelala mchana kutwa na kujibu kwa sauti ya chini husifiwa kuwa ametulia. Huyu wa pili ndiye anayechelewa kutibiwa.

Hata usahaulifu unaokuja polepole unastahili uchunguzi kabla ya kupewa jina. Tezi ya thairoidi iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende, virusi vya UKIMWI, pombe, na damu iliyovuja chini ya fuvu wiki kadhaa baada ya kujigonga kichwa, vyote vinaweza kufanana na dimenshia, na vyote vina matibabu yake. Kuna kipimo kifupi kiitwacho Mini-Cog, cha dakika chache. Mtu hutajiwa maneno matatu, huchora uso wa saa na kuuwekea mishale, kisha huulizwa yale maneno. Kila neno ni alama 1 na saa nzima ni alama 2. Anayepata chini ya 3 achunguzwe zaidi. Mishale hutakiwa iwe kwenye 11 na 2, na hapa wanaofasiri neno kwa neno huharibu kipimo. Ukimwambia Mswahili achore “saa kumi na moja na dakika kumi”, ataweka mshale mfupi kwenye 5, na atakuwa sahihi. Mwambie saa tano na dakika kumi.

Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ndio aina ya dimenshia iliyo ya kawaida zaidi, ukifuatiwa na ile ya mishipa ya damu ya ubongo. Ni maradhi ya ubongo, wala si adhabu au kurogwa. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kukadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake tungesisitiza mawili yanayopuuzwa, nayo ni shinikizo la damu kuanzia umri wa kati, na usikivu. Mzee asiyesikia huacha kuchangia mazungumzo, kisha huacha kukaa na watu, na ubongo wake unabaki bila kazi. Kabla ya kusema baba amesahau, hakikisheni kwamba alisikia. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba sikio.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe. Uwezo wa kuamua hauondoki siku moja, wala hauondoki wote kwa pamoja. Mtu aliyeanza dimenshia anaweza kushindwa kusimamia fedha zake, na bado akajua kabisa ni nani anayemwamini aseme kwa niaba yake. Daktari huangalia mambo manne kwa kila uamuzi peke yake: je, anaelewa anachoambiwa, anakishika kwa muda wa kutosha, anapima faida na hasara, na anaweza kueleza alichochagua kwa njia yoyote? Kwa hiyo jina la ugonjwa likishatajwa, huo ndio wakati wa kuuliza. Familia nyingi hufanya kinyume, zikanyamaza kwa huruma mpaka dirisha likafungwa. Chagueni asubuhi, baada ya usingizi mzuri, miwani ikiwa usoni. Ulizeni swali lilelile siku mbili tofauti. Jibu likirudi lilelile, liandikeni.

Tunajua wengi huona ni uchuro kumzungumzia mtu kifo chake angali hai. Basi msianzie kwenye kifo. “Mama, ukiugua ukashindwa kusema, ungependa daktari amuulize nani?” Swali hilo halimuui mtu, na wazee wengi hulijibu haraka kuliko watoto walivyotarajia, kwa sababu wameshaliwaza peke yao usiku. Msemaji awe mmoja, na wa pili endapo wa kwanza hapatikani. Si lazima awe mtoto wa kwanza, wala mwenye fedha. Atafutwe yule anayeweza kutimiza uamuzi ambao yeye mwenyewe haupendi.

Baada ya hapo muulizeni ni kitu gani akikipoteza hatataka tena matibabu makali. Mmoja atasema kutotambua watoto, mwingine atasema kulala kitandani moja kwa moja, mwingine atasema hakuna, anataka kila kitu kifanyike. Majibu yote matatu ni halali. Swali la moyo kusimama nalo liulizwe waziwazi. Kukandamiza kifua kumeokoa watu wengi wenye moyo uliosimama ghafla wakiwa na nguvu zao, lakini kwa mzee dhaifu mwenye ugonjwa uliofika mwisho, ni wachache sana wanaorudi, mbavu huvunjika, na anayerudi mara nyingi huwa dhaifu kuliko kabla. Kukataa jambo hili moja hakumaanishi kukataa dawa ya maumivu, maji au uuguzi. Liandikwe hivyo, maana wahudumu wengine hulichanganya.

Swali tunaloona likigawa familia kuliko yote ni la kula. Dimenshia ikifika mbali, ubongo husahau hata kumeza. Chakula kinabaki shavuni, mgonjwa anapaliwa, sauti inakuwa na majimaji baada ya kunywa, nimonia inajirudia. Ndipo hutajwa mpira wa kulishia, wa puani au wa tumboni. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani, American Geriatrics Society, kilitoa msimamo mwaka 2014 kwamba mpira huo haupendekezwi kwa dimenshia iliyofika mwisho. Haujaonekana kurefusha maisha, wala hauzuii nimonia, kwa kuwa mate na yaliyomo tumboni bado huweza kuingia mapafuni. Mgonjwa huuvuta, mikono ikafungwa ili asiuvute, na anayefungwa hupata vidonda. Hali ni tofauti kwa mtu aliyepata kiharusi juzi au mwenye uvimbe wa koo anayetibiwa. Huko mpira unaweza kuwa daraja la kumvusha. Familia iulize: ni daraja la kwenda wapi?

Kinachobaki ni kijiko, na kijiko kina ufundi wake. Mkalishe wima kabisa, miguu ikiwa imeegemea kitu, kidevu kimeinama kidogo. Wewe kaa chini, macho yako yalingane na yake. Ukisimama atainua kichwa kukutazama, na kichwa kikiinuka njia ya hewa hufunguka. Chukua nusu ya kijiko cha chai. Gusa mdomo wa chini, ngoja aufungue mwenyewe. Kisha tazama koo: kile kidude cha kooni lazima kipande na kushuka. Kisiposhuka, hajameza, hata kama mdomo umefungwa. Usimwongeleshe chakula kikiwa mdomoni, kwa sababu atajaribu kukujibu. Maji matupu ndiyo magumu kuliko vyote, maana hukimbia kabla koo halijajiandaa. Kitu kizito kama uji humpa nafasi. Akikohoa, acha. Akisinzia, usianze kabisa. Mwisho kagua mashavu yote mawili, msafishe kinywa, na abaki wima kwa dakika 30. Inaweza kuchukua dakika 40 kwa vijiko kumi na viwili, na mlo huo umetosha. Atakapofika mahali anafunga mdomo au anageuza uso kila mara, hilo ni jibu. Mwili unaofunga kazi hauoni njaa kama sisi tunavyoiona, na kumlazimisha kunampa kupaliwa, si nguvu.

Maumivu nayo yanahitaji jicho, kwa sababu mwenye dimenshia hawezi kusema yako wapi. Kuna kipimo cha mambo matano, kila moja alama 0 hadi 2: pumzi, sauti anazotoa, sura ya uso, jinsi mwili ulivyokaza, na kama anabembelezeka. Mtazameni kwa dakika 5, na mmtazame wakati wa kumgeuza au kumwogesha, kwani akiwa ametulia mtapata sifuri ya uongo. Mzee anayewapiga wanaomwogesha mara nyingi ana goti au nyonga inayouma. Anapewa dawa ya kumtuliza, anakuwa kimya, na maumivu yako palepale. Tungependa kila nyumba ijaribu parasetamoli kwanza, kwa saa maalumu na bila kungoja alie. Kwa mzee dhaifu isizidi gramu 3 kwa siku, na ipungue zaidi akiwa chini ya kilo 50 au na ini bovu. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni ziogopeni, zinatoboa tumbo na kuumiza figo.

Mofini, dawa ya maumivu makali, ndiyo inayoogopwa, na hofu hiyo imewaacha watu wengi wakifa kwa maumivu yasiyo ya lazima. Ikiandikwa na mtaalamu, mzee dhaifu huanzishiwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 2.5 kwa mdomo kila baada ya saa 4, kisha huongezwa kadiri maumivu yanavyodai. Mwenye figo mbovu hupewa kwa nafasi ndefu zaidi au hubadilishiwa dawa. Kusinzia kwa siku 2 au 3 za kwanza ni kawaida na hupita. Kichefuchefu nacho hupita. Kufunga choo hakupiti kamwe, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile, bila kusubiri. Dozi moja iliyorukwa kwa sababu “leo yuko nafuu” ndiyo inayorudisha maumivu usiku, na kuyatuliza yakisharudi kunahitaji dawa nyingi kuliko kuyazuia. Dalili za kuwa imezidi ni kushindwa kuamshwa, pumzi chache mno, na mishtuko ya misuli. Hapo acheni dozi inayofuata na mwiteni mhudumu. Ikitolewa kwa utaratibu huu haiharakishi kifo. Hupunguza pia ule upungufu wa pumzi unaotisha kuliko maumivu yenyewe.

Kuna maumivu ambayo mofini haiyafikii. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na aliyefungua St Christopher’s Hospice, nyumba ya tiba shufaa jijini London, mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Mzee ambaye maumivu yake hayatulii kwa dozi yoyote aulizwe kama kuna mtu anayetaka kumwona, au deni analotaka lilipwe.

Zimebaki siku za mwisho. Mgonjwa analala karibu muda wote, anakataa hata maji, mikono na miguu inapoa, magoti yanapata madoa ya zambarau au meusi. Pumzi inakwenda kasi, inapungua, inasimama kwa sekunde 20 au zaidi, kisha inarudi. Hayo ni mwendo wa kawaida wa mwili unaofunga. Dawa za lehemu (kolesteroli) na nyingine za kinga ya miaka ijayo daktari huziondoa. Sauti ya kukoroma kooni hutokana na mate asiyoweza kuyameza, na huwatesa zaidi waliokaa kando. Mlazeni ubavu, inueni kichwa kidogo, msiingize mpira wa kunyonya ndani kabisa ya koo. Akihangaika na kuvuta shuka, kabla ya kuomba dawa ya usingizi papaseni chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa ni sababu ya kawaida, na hutatuliwa kwa mpira wa mkojo kwa dakika chache.

Kinywa ndicho kinachokauka, na hapa jamaa yeyote anaweza kusaidia bila ujuzi mkubwa. Kila baada ya saa 2, chovyeni mswaki laini kwenye maji, ukamueni usidondoke, mpitishieni ulimini, mashavuni na kwenye fizi, kisha pakeni midomo mafuta. Kama anapewa oksijeni, mafuta yasiwe yanayotokana na petroli kama vaselini, hushika moto. Mgeuzeni kila saa 2 hadi 4 kwa kumlaza upande kidogo tu, kama nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni, na mwekeeni mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Mwinueni kwa shuka mkiwa watu wawili. Kumburuta kunachuna ngozi. Kwenye ngozi nyeusi hamtaona wekundu wa kidonda kinachoanza. Tafuteni doa jeusi zaidi ya jirani zake, lenye joto, gumu au laini kama tunda lililoiva sana, na msilisugue. Mzungumzisheni hata kama hajibu, kwani usikivu unaweza kubaki baada ya mengine kuondoka.

Karatasi ya matakwa yake itosheke na ukurasa mmoja: jina la msemaji na namba yake, anachotaka, asichotaka, tarehe, sahihi na mashahidi kama sheria ya nchi inavyodai. Nakala moja kwa daktari, moja kwa msemaji, moja pamoja na dawa zake. Isomwe upya kila mwaka, na kila anapotoka kulazwa. Tumeona karatasi nzuri zikipatikana kabatini baada ya mazishi, na wasemaji waliogundua siku hiyohiyo tu kwamba jina lao limeandikwa.

Mhariri, ukipata nafasi, tunaomba uyachapishe maswali haya peke yake: nani aseme, nini kikipotea tiba kali ikome, moyo ukisimama tufanye nini, ukishindwa kumeza tufanye nini, na ungependa kulala wapi siku za mwisho. Yachapishe kwa herufi kubwa, mtu wa miaka 75 aweze kuyasoma mwenyewe.

Ni sisi,
Wahudumu wa tiba shufaa